Bonde Lililomo Sebuleni

Mkulima wa Njombe hapandi maharage popote penye udongo. Kabla jembe halijagusa ardhi anajua tayari baridi ya Juni italala wapi. Hewa ya usiku ikipoa huwa nzito, nayo hushuka taratibu kuufuata mteremko mpaka ifike mahali ambapo haina tena pa kushukia, yaani bondeni, kwenye bustani za kiangazi ziitwazo vinyungu. Kukicha, majani ya viazi vya kinyungu yameungua kwa sakitu, ilhali shamba lililo ubavuni mwa kilima, mwendo mfupi tu kwenda juu, halina jani lililobadilika rangi. Hakuna aliyehitaji kipimajoto ili kulijua hilo. Limejulikana kwa kuangalia, mwaka hadi mwaka, na ndilo linaloamua kipi kipandwe wapi: chai na parachichi kwenye miteremko ambako hewa baridi inapita bila kutuama, mboga za kiangazi bondeni kwa aliye tayari kubeba hatari kwa ajili ya unyevu. Swali la kwanza la mkulima huyu kuhusu mmea wowote si nitaufanyia nini. Ni nitauweka wapi.

Nadai kwamba swali hilo moja ndilo kiini cha kutunza maua ya ndani ya kitropiki, hasa yale yanayotambaa na kuparamia, katika nyumba za Njombe, Makambako na milima ya Ludewa hadi Mawengi. Nadai pia kwamba mengi yanayokufa humo hayafi kwa kukosa mapenzi. Yanakufa kwa sababu mtu yule yule ambaye shambani anasoma ardhi kwa umakini mkubwa, akiingia ndani huuacha ujuzi wake mlangoni pamoja na jembe. Sebuleni ua huwekwa palipo na nafasi, karibu na kabati au kwenye pembe iliyokuwa tupu, halafu utunzaji wote unakuwa matendo ya kuufanyia mmea: kuumwagilia, kuuwekea mbolea, kuufuta vumbi, kuuhamishia chungu kizuri zaidi. Ninachotetea hapa ni utunzaji wa mahali. Mahali pakiwa sawa, mmea hujitunza kwa sehemu kubwa, na matendo yetu hubaki machache.

Tuchukue ule unaojulikana kuliko yote, ambao wauzaji wa maua barabarani huuita mani planti: majani yenye umbo la moyo, michirizi ya manjano, shina linalorefuka na kuning'inia kutoka juu ya kabati. Jina lake la kitaalamu ni Epipremnum aureum, na asili yake ni Moorea, kisiwa kidogo cha Polinesia ya Kifaransa katikati ya bahari ya Pasifiki. Moorea iko nyuzi 17 na nusu kusini mwa ikweta. Njombe iko nyuzi 9 na kidogo. Mtu akitazama ramani peke yake atasema mmea huu umesogezwa karibu na ikweta, kwa hiyo unapaswa kustawi zaidi. Ramani hiyo inaficha jambo kubwa. Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, Makambako zaidi ya mita 1,600, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hushuka kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Mmea uliozoea pwani ambayo hata usiku ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20, unaletwa mahali ambapo usiku wa Julai unakwenda chini ya nyuzi 10. Tuko katika tropiki, ndiyo, lakini tropiki ya mlimani ina sheria zake. Wilaya ya Ludewa pekee inatosha kuthibitisha hilo: ukishuka kutoka milima ya Mawengi hadi Lupingu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, ambako uso wa maji uko chini ya mita 500, umetoka kwenye makoti na kufika kwenye joto la mnazi bila kuvuka mpaka wa wilaya.

Sasa turudi sebuleni na kuitazama kama shamba. Kioo cha dirisha hupoa haraka kuliko kitu chochote ndani ya chumba. Hewa inayokigusa nayo hupoa, ikawa nzito, ikateleza kuteremka ukutani na kutandazika juu ya sakafu ya saruji. Huo ndio mwendo ule ule wa hewa unaoshuka kilimani hadi kwenye kinyungu, ila umefupishwa ukawa wa mita mbili. Upepo unaopenya chini ya mlango huongeza hapo hapo, na kwa Makambako, mji unaojulikana kwa upepo, nyongeza hiyo si ndogo. Kwa hiyo chungu kilichowekwa sakafuni chini ya dirisha kimepandwa bondeni. Kinyume chake, meza iliyosogezwa hatua moja au mbili kutoka kwenye kioo, hasa ikiwa imeegemea ukuta unaopakana na jiko, ni ubavu wa kilima. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ndani ya chumba kimoja inaweza kuonekana ndogo kwa binadamu aliyevaa sweta, lakini mimea ya jamii hii huanza kudhurika joto likikaa kwa muda chini ya nyuzi 13 hadi 10: ukuaji husimama, majani hupata mabaka meusi yanayoonekana kama yamemwagiwa maji, kisha huanguka. Nyuzi mbili zinazopatikana kwa kuinua chungu kutoka sakafuni zinaweza kuwa ndizo zinazotenganisha mmea uliolala na mmea unaokufa.

Na hapo ndipo maji yanapoingia, nayo ndiyo yanayoua zaidi kuliko baridi yenyewe. Mzizi uliopoa hunywa kidogo. Jani lililopoa hutoa mvuke kidogo. Kopo la maji ambalo mmea uliweza kulimaliza kwa siku nne mwezi wa Februari litakaa kwenye udongo wa chungu wiki mbili au zaidi mwezi wa Julai. Mizizi inahitaji oksijeni ili iishi, na oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno, takriban mara 10,000 polepole kuliko hewani, kwa hiyo udongo uliojaa maji ni mahali ambapo mizizi hukosa pumzi. Ikishakosa pumzi huoza, na ikioza haiwezi kupandisha maji, hata kama imezungukwa nayo. Mmea unanyauka. Majani ya chini yanageuka manjano. Dalili hizo ndizo zile zile za kiu, na mwenye nyumba anayeupenda mmea wake anafanya jambo ambalo upendo unamwelekeza: anaongeza maji. Huu ndio ushahidi wangu mkubwa dhidi ya utunzaji wa matendo. Hapa tendo limefanywa kwa nia njema, kwa wakati, kwa bidii, na ndilo lililoua. Aliyeanza na swali la mahali angeingiza kidole kwenye udongo mpaka pingili ya pili, au angeinua chungu asikie uzito wake, na angegundua kwamba kiu haipo. Kuinua chungu ndiyo njia bora kuliko zote ninazozijua, kwa sababu uzito haudanganyi kama uso wa udongo unavyoweza kudanganya. Hewa ya kiangazi hukausha juu huku chini pakiwa tope.

Tatizo linazidi pale ambapo mwenye nyumba anatafuta ushauri na kuupata, kwa sababu ushauri mwingi kuhusu mimea hii umeandikwa na watu wa Ulaya na Amerika Kaskazini kwa ajili ya nyumba zao. Unamwambia apunguze maji kuanzia Novemba hadi Februari. Kwao ni majira ya baridi, lakini kwa Njombe huo ni msimu wetu mrefu wa mvua, na ndio wakati mmea una joto, una unyevu hewani na una hamu ya kukua. Unamwambia aongeze maji na mbolea Juni, wakati ambapo vinyungu vina sakitu. Akiufuata kwa uaminifu atakuwa ameunyima mmea wakati wa kula na kuulisha wakati wa kulala. Vivyo hivyo madirisha. Maandishi hayo husema dirisha la kusini ndilo la jua na la kaskazini ndilo la kivuli. Kwenye nyuzi 9 kusini mwa ikweta mambo hubadilika na majira: mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, nyuzi 57 hivi juu ya upeo wa macho, na mwezi wa Desemba limevuka kwenda kusini na kupanda hadi karibu nyuzi 76. Maana yake ni kwamba katika miezi ya baridi, pale ambapo mwanga na joto vinahitajika zaidi, dirisha la kaskazini ndilo linaloleta jua ndani ya nyumba ya Njombe. Chungu kisogezwe huko Mei na kirudishwe nyuma Septemba. Sidhani kama kuna ushauri wa mani planti ulioandikwa mbali ambao ungemwambia mtu hivyo, na hauwezi kulaumiwa, kwa kuwa aliyeuandika alikuwa akiitazama nyumba yake mwenyewe.

Kuhusu mwanga lipo kosa jingine, nalo linatokana na macho yetu. Jicho la binadamu hujirekebisha kiasi kwamba chumba chenye mapazia yaliyofungwa nusu kuzuia baridi huonekana kina mwanga wa kutosha. Vipimo vinasema vingine. Jua la wazi saa sita mchana hufika takriban laksi 100,000, siku ya mawingu hubaki 10,000 au zaidi, na sehemu ya ndani ya sebule, mbali na dirisha, mara nyingi ina laksi mia moja au mia tatu tu. Umeme haupunguzi pengo hilo sana. Mradi wa umeme wa maji wa Mawengi, unaoendeshwa na jumuiya ya watumiaji wenyewe iitwayo LUMAMA, umewapa wanavijiji taa ambayo mtoto anaweza kusomea usiku, na hilo ni jambo kubwa. Lakini taa inayomtosha mtoto haiulishi mmea. Mtu atajibu kwamba mimea hii ni ya chini ya msitu, hivyo inapenda kiza. Ni hoja ninayoisikia ikirudiwa, na ina nusu ya ukweli. Mwaka 1975 watafiti Donald Strong na Thomas Ray walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi yao juu ya mmea wa msituni Costa Rica, binamu wa mani planti kutoka jenasi ya Monstera. Waligundua kwamba mche wake mchanga hutambaa ardhini kuelekea kwenye kiza. Hauelekei kwenye kiza chochote: unaelekea upande ambao upeo ni mweusi zaidi, na katika msitu upande huo ni shina la mti mkubwa. Ukishaligusa shina unageuka, unaanza kupanda, na tangu hapo unaufuata mwanga. Kwa hiyo mmea huu huvumilia kiza ukiwa njiani kama msafiri avumiliavyo vumbi la barabara. Anayeuweka gizani kwa sababu "ndivyo unavyopenda" ameusimamisha njiani na kuuzuia usifike.

Hapa tunafikia jambo ambalo naona limepuuzwa kuliko mengine, nalo ni kwamba mmea wa kuparamia unahitaji cha kuparamia. Nyumba nyingi huuacha uning'inie. Unapendeza hivyo, sikatai, lakini kila mwenye macho anaweza kuona kinachotokea: shina hurefuka, nafasi kati ya jani na jani huongezeka, na majani mapya huwa madogo kuliko yaliyotangulia. Aende mtu Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, atazame mmea huo huo uliopandwa chini ya mwembe bustanini. Umelishika gome kwa mizizi yake ya hewani, umepanda mita nyingi, na majani ya juu yamepita nusu mita, mazito, yenye mipasuko pembeni, kiasi kwamba wengi hawaamini ni ndugu wa kile kijikamba kilicho juu ya friji. Si ndugu tu. Kwa mujibu wa namna mmea huu unavyoenezwa, ni mmea mmoja. Umri wake wa utu uzima hauji kwa miaka, unakuja kwa kupanda. Sebule ya Njombe haitatoa jani la nusu mita, na asiahidiwe mtu hivyo, lakini nguzo yenye kushikika iliyosimamishwa katikati ya chungu hubadilisha ukubwa wa majani hata katika chumba cha kawaida chenye dirisha zuri.

Nguzo hiyo ina faida ya pili, ambayo kwa nyanda za juu naiona ni ya kwanza. Hewa ya joto hupanda. Mmea unaoning'inia hupeleka machipukizi yake, ambayo ndiyo sehemu laini na muhimu, chini kuelekea sakafuni kwenye baridi. Mmea unaopanda huyapeleka juu. Kwa maneno ya mkulima, unajiondoa bondeni wenyewe. Kuna mpaka wa jambo hili: nyumba yenye paa la bati lisilo na dari hupoteza joto lake angani usiku kucha, na sehemu iliyo karibu kabisa na bati inaweza kuwa baridi kuliko katikati ya chumba. Humo nguzo iishie kimo cha mtu. Kuhusu nguzo yenyewe, mwanzi uko kila mahali katika nchi hii ambako hugemwa ulanzi, na ndio unaoegemeza nyanya na maharage marefu, lakini ngozi yake ni laini mno kwa mizizi ya mani planti. Uzungushiwe kamba ya katani au makumbi ya nazi yanayopanda na malori kutoka pwani, kisha unyunyiziwe maji kidogo nyakati za joto ili mizizi ivutiwe kushika. Watu wengine hupendelea mashina ya ile mikangaga inayokua kama mti, au huenda msituni kubandua yale majani mafupi laini yanayofunika magome yenye unyevu. Naomba wasifanye hivyo. Mikangaga hiyo hukua polepole sana, biashara yake ya kimataifa imewekewa masharti chini ya mkataba wa CITES, na makumbi hufanya kazi ile ile bila kuubomoa msitu.

Udongo sitaukalia sana. Udongo mwekundu wa Njombe hushikilia maji, sifa njema shambani na mbaya ndani ya ndoo, kwa hiyo uchanganywe na kitu chenye vipande vikubwa vinavyoacha nafasi za hewa. Vitalu vikubwa duniani hutumia magome ya misonobari yaliyokatwakatwa na kuozeshwa kiasi, na mkoa huu wenye viwanda vya mbao una magome hayo kama mabaki. Maranda mabichi ya mbao yasitumike badala yake, kwa sababu vijidudu vinavyoyaozesha huchukua naitrojeni ambayo mmea ungeitumia. Chenga za mkaa na maganda ya mpunga kutoka Mbarali pia hufaa. Chungu kiwe na matundu chini. Hilo halina mjadala.

Kuna pingamizi lenye uzito ambalo linastahili kujibiwa kwa makini. Mtu atasema: umetuambia maji ya ziada huua, na mbona mmea huu huu huishi miaka ndani ya chupa ya maji matupu, bila udongo, bila nguzo, bila lolote? Ni kweli unaishi. Sababu ni kwamba kinachoua kwenye chungu si maji kwa kuwa ni maji. Ni ukosefu wa oksijeni pamoja na vijidudu vya uozo. Udongo uliojaa maji una vitu vinavyooza ambavyo hula oksijeni yote iliyopo. Maji safi ndani ya chupa yana oksijeni iliyoyeyuka, tena maji baridi hubeba oksijeni zaidi kuliko ya moto, na mizizi iliyoota ndani yake imejijenga tangu mwanzo kwa maisha hayo. Kwa hiyo chupa haikanushi hoja yangu, inaithibitisha: mahali pamebadilika, na hukumu juu ya maji imebadilika pamoja napo. Katika Njombe ningethubutu kusema kwamba kwa mtu asiyeweza kujizuia kumwagilia, chupa ni salama kuliko chungu katika miezi ya Juni hadi Agosti, mradi maji yabadilishwe na chupa isikae dirishani usiku. Tusiite hiyo kustawi, hata hivyo. Maji matupu hayana lishe, na mmea wa chupani hubaki mtoto. Ugumu wake wa kufa, ambao watu wanausifu, ndio unaoruhusu uteseke muda mrefu bila sisi kugundua.

Pingamizi la pili linaniuma zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu wenye haki ya kulitoa. Kwa nini mtu wa Mawengi au Ludewa, ambaye akifungua mlango anaona kijani hadi macho yachoke, ashughulike na ua la ndani kutoka kisiwa cha mbali, wakati kuna chai ya kuchuma na viazi vya kupalilia? Sina jibu la faida. Mani planti hailiwi, na si salama kuliwa: tishu zake zina vipande vidogo mno vya oksaleti ya kalsiamu, vyenye ncha, ambavyo huchoma kinywa na koo la mtoto au mnyama anayeutafuna, hivyo uwekwe mbali na wanaotambaa. Ninachoweza kusema ni hiki. Mkoa wenye Kitulo, hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, hauhitaji kufundishwa kwamba mimea hutazamwa pia, si kuliwa tu. Na yupo ambaye tayari ameuingiza mmea nyumbani, kwa zawadi au kwa kuununua stendi, na kwa huyo suala la kama ulihitajika limekwisha. Linalobaki ni la mahali, nalo ni letu peke yetu, kwa sababu mani planti karibu haitoi maua kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ina hitilafu katika jeni inayohusika na kutengeneza homoni ya jibarelini, na bila homoni hiyo maua hayaji, na bila maua hakuna mbegu. Ile iliyo katika nyumba za watu ulimwenguni imeenezwa kwa mkono, pingili baada ya pingili, kama muhogo. Mmea wa porini huchagua mahali pake kwa njia yake: mbegu elfu huanguka, moja huota pale panapofaa. Huu hauna uwezo huo. Uchaguzi wote wa mahali umekuwa wetu, na ndiyo maana naushikilia sana.

Lipo jibu la faida ambalo wengine hulitoa, na ni lazima nilikatae, kwa kuwa katika mkoa wa baridi linaweza kugharimu maisha. Inasemwa kwamba maua ya ndani husafisha hewa. Dai hilo linatokana na ripoti ya NASA ya mwaka 1989, ambamo mimea ilifungiwa ndani ya masanduku madogo yasiyopitisha hewa, na baadhi ya kemikali zikapungua. Nyumba si sanduku. Mwaka 2019 Bryan Cummings na Michael Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia majaribio ya miongo mitatu na kukokotoa kwamba ili mimea ilingane na hewa inayopita ndani ya jengo kwa kawaida tu, ingehitajika kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Hakuna sebule ya namna hiyo. Usiku wa Julai familia nyingi za nyanda za juu huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha, na kila msimu wa baridi nchi husikia habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na hakuna ua, hata yawe kumi pembeni mwa kitanda, litakaloiondoa. Jiko litolewe nje kabla ya kulala na dirisha liachwe wazi kidogo, hata kama hilo litaupooza mmea. Kati ya mtu na mani planti hakuna mizani ya kupima.

Kuna hatimaye wanaouliza kwa nini tusipande vyetu. Afrika Mashariki haina upungufu wa mimea ya kuparamia. Jenasi ya Culcasia, ambayo ni ya familia moja na mani planti, hupanda mashina katika misitu ya Tanzania, na Thunbergia alata, yenye ua la rangi ya chungwa na kitovu cheusi, hujisokota vichakani hadi nyanda za juu na imependwa bustanini duniani kote. Naliunga mkono wazo hilo kwa sharti moja: mbegu au vipande vitoke kitaluni au uani kwa jirani, visichimbwe porini. Kitulo na maeneo yanayoizunguka yameona vya kutosha jinsi viazi vya okidi vinavyong'olewa kwa magunia kwa ajili ya soko la chakula la Zambia. Na wazo hilo haliondoi hoja ya mahali, kwa sababu Thunbergia ni mmea wa jua, na sebuleni utadhoofika haraka kuliko mgeni wa Moorea. Unafaa barazani, kwenye uzio, kwenye dirisha lililo wazi. Kuwa wa kwetu hakuutoshi mmea kama umewekwa pasipo pake.

Mani planti nayo ina mahali ambapo haipaswi kufika. Mlimani baridi huizuia isitoroke: pingili iliyotupwa jalalani Njombe haitavuka Julai. Kule chini ziwani hali ni nyingine. Sri Lanka na Hawaii zinaihesabu miongoni mwa mimea vamizi, inayofunika sakafu ya msitu na kupanda miti hadi kuielemea, na ufuko wa Ludewa una joto na unyevunyevu wa kutosha kwa kazi hiyo. Anayepogoa mmea wake Mawengi na kushuka Lupingu au Manda asiyatupe mabaki kando ya kijito. Ayaanike juani mpaka yakauke kabisa, au ayachome.